Mzigo upo bandarini, watu hawana maji

Jamani hii ya Puerto Rico, kile kisiwa cha Karibiani kilicho chini ya Marekani, bado inaniuma. Kimbunga Maria kilipiga tarehe 20 Septemba 2017, mi nilikuwa Orlando, Florida, tukapaki maboksi ya maji, pampasi na betri kwenye gereji ya jirani yangu, mama yake yuko kule hapatikani, basi anaandika "agua", yaani maji kwa Kihispania, kwa makapeni juu ya boksi huku machozi yanamtoka. Sasa we unadhani vitu ndo vilikosekana? Vilikuwepo! Maelfu ya makontena yamerundikana bandarini San Juan, mji mkuu wa kisiwa, ila madereva utawapataje na minara ya simu imeanguka, ukimpata hana dizeli, akipata dizeli anakuta barabara ya milimani imezibwa na miti na nguzo za umeme. Marekani ikasimamisha kwa siku 10 ile sheria ya 1920 inayotaka mizigo kati ya bandari zake ibebwe na meli zake tu, sawa, lakini kazi ilikuwa kuutoa mzigo getini mpaka mlangoni kwa mtu. Maboksi yetu yalifika baada ya wiki 5, muda wote huo mama anachota maji ya chemchemi kwa ndoo.