Tafakari ya Wiki: Mkeka Wako na Dhamiri ya Mwenzako

Somo: 1 Wakorintho 10:23–33

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kikundi kikisafiri kaskazini mwa India, si ajabu ratiba ikawa na wiki nzima ya yoga, na mara nyingi mahali penyewe ni Rishikesh, pale mto Ganga unapotoka milima ya Himalaya. Muumini aliyemo msafarani hujiuliza: niende darasani au nibaki hotelini? Paulo aliulizwa jambo la namna hiyo kuhusu nyama ya sokoni Korintho, ambayo huenda ilikwisha kutolewa sadaka kwa sanamu, na hakujibu kwa ndiyo wala hapana. Alisema kuleni bila kuuliza-uliza. Ila mtu akiwaambia kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, msile. Kisha akaongeza neno ambalo wengi tunalipita mbio: "Nasema dhamiri, lakini si yako, bali yake yule mwingine."

Katika safari ya kikundi, yule mwingine ndiye mnayelala chumba kimoja.

Kazi kubwa ya wiki ni ya viungo, na viungo havina dini. Kengele hulia alfajiri, darasa la kwanza huanza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya chai, la pili saa kumi jioni. Usile mlo kamili ndani ya saa mbili au tatu kabla ya darasa, maana ukiinama na tumbo lililojaa utapata kiungulia. Maumivu hujitokeza siku ya pili na ya tatu. Magoti huuma kwa sababu nyonga za mtu aliyezoea kiti zimekaza: akikunja miguu na kukaa chini, nyonga hazifunguki, goti ndilo linalopindwa. Kunja blanketi mpaka liwe na unene wa sentimita 10 hivi, kalia ukingo wake, nyonga ziwe juu kuliko magoti. Ukiinama mbele na nyuma ya mapaja panavuta mpaka kwenye mfupa wa kukalia, kunja magoti kidogo. Kano ya msuli ikichanika pale haiponi ndani ya wiki. Kusimama kwa kichwa waachie wengine, hasa mwenye presha, shinikizo la jicho au shingo mbovu. Wala usimtazame wa mkeka wa jirani aliyejikunja kama utepe. Wengi huumia kwa kumuiga mwenzao kuliko kwa kumfuata mwalimu.

Pumzi nayo ina tahadhari zake. Zoezi la kapalabhati, la kusukuma hewa nje kwa mipigo ya haraka ya tumbo, halimfai mjamzito, mwenye ngiri wala mwenye presha ya kupanda. Kizunguzungu kikikujia, usifikiri ni upako wala pepo. Kupumua haraka mno kunapunguza kaboni dayoksaidi kwenye damu, mishipa ya ubongo inabana, na kichwa kinakuwa chepesi. Acha, pumua kawaida kwa pua, kitapita.

Penye mtego kwa muumini ni pengine. Surya namaskar, salamu ya jua, ni mfululizo wa mikao kumi na miwili. Mtawala wa Aundh, dola ndogo ya India ya wakati ule, aliueneza miaka ya 1920 kama mazoezi ya afya, na madarasa mengi hufanya hivyo tu: mikono juu, inama, mguu nyuma, kifua chini, inuka. Kuna mengine ambako kila mzunguko hutanguliwa na mojawapo ya majina kumi na mawili ya jua, likitamkwa kama sala. Mikao ni ileile, lakini hapo umekwisha kuambiwa kwamba hiki ni sadaka. Kaa chini ukingoni mwa mkeka wako mpaka duru ziishe. "Om", sauti takatifu ya Wahindu inayotamkwa kufungua na kufunga darasa, nayo nyamaza tu, hakuna atakayekuuliza.

Nyama ya kubishania Rishikesh hakuna. Sheria za mji zinakataza kuuza nyama, samaki na mayai, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya India iliidhinisha katazo hilo. Swali la Paulo linakuja kwa njia ya kitu kitamu. Jua likizama hufanyika aarti, ibada ya taa, kwenye ngazi za mto, mbele ya ashramu (makao ya kidini ya Wahindu) ya Parmarth Niketan: taa za moto huzungushwa, nyimbo huimbwa, kisha hugawiwa prasad, punje za sukari au kipande cha halua. Hicho si kitindamlo, kimetolewa mbele ya mungu wao kwanza. Usikisukume mkononi mwa mtoaji wala usikunje uso. Unganisha viganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, naye atapita. Vikapu vya majani vyenye maua na taa, vinavyouzwa pembeni ili vielee mtoni, navyo ni sadaka hata ikiwa anayekuuzia ni mtoto na bei ni ndogo. Anayetaka kuona tu aone kwa mbali, kwenye daraja la Ram Jhula. Tunapendekeza hivyo kwa heshima: ile ni ibada ya watu, si onyesho la watalii.

Darasa hufungwa kwa shavasana: unalala chali kama dakika kumi, miguu imeachana, viganja juu. Jifunike, kwa sababu mwili hupoa upesi. Utulivu unaokuja hapo ni mtamu kweli, na ni wa mwili: pumzi imerefuka, moyo umepunguza mapigo. Vatikani iliwaandikia maaskofu mwaka 1989 ikiwaonya wasichukue raha ya namna hiyo kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Hata sisi tusio Wakatoliki tunaukubali ushauri huo. Mshukuru Mungu kwa usingizi mzuri, na sala uiweke mahali pake. Muda upo, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa kumi ratiba huwa wazi. (Mapambio kwa sauti ya kanisani, mlangoni mwa watu walioshika ukimya, hayamjengi mtu.)

Kabla ya kulipa, kiongozi wa msafara aombe ratiba kwa maandishi na aulize kipi ni lazima. Ashramu nyingine hudai kila mgeni ahudhurie ibada za jioni. Nyumba nyingi za wageni hazidai. Usiku wa kwanza mkae pamoja, ana kwa ana, kila mmoja aseme atashiriki mpaka wapi. Atapatikana mmoja ambaye kanisa lake limemfundisha kwamba yoga yote ni haramu. Msimbishie, wala msimwache ajieleze mbele ya mwalimu. Na msimwache peke yake chumbani siku saba: pangeni zamu, mmoja wenu akose darasa la asubuhi anywe naye chai. Ada imeshalipwa, ndiyo. "Mtu asitafute faida yake mwenyewe, bali ya mwenzake." Mwalimu yuleyule atakuwepo saa kumi jioni.