Projekta ya mtumba: washa nusu saa kabla ya kulipa

Muuzaji wa Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, akikwambia projekta "inakubali 1080p", muulize paneli yenyewe, sehemu ya ndani inayounda picha, ina pikseli ngapi. Nyingi za ofisini ni 800×600 au 1024×768. Zinapokea picha kubwa kisha zinaipunguza. Ya sinema nyumbani iwe 1920×1080, yaani 1080p halisi.

Fungua menyu usome saa za taa. Taa ya kawaida hudumu saa 3,000 hadi 5,000, na ikifika mwisho mwanga umeshapungua kama nusu. Saa hizo hurudishwa sifuri kwa kubonyeza vitufe tu, kwa hiyo usiziamini peke yake. Ulizia bei ya taa mpya kwanza. Wakati mwingine inakaribia bei ya mashine.

Mwambie aiwashe dakika 30, chumba kikiwa na giza. Onyesha picha nyeupe tupu, halafu nyeusi. Kwenye DLP, projekta inayounda picha kwa vioo vidogo sana, nukta nyeupe zisizosogea ni vioo vilivyokwama, na huzidi kuongezeka. Kwenye LCD, projekta inayopitisha mwanga ndani ya paneli, madoa ya njano au buluu ni polaraiza (karatasi nyembamba za kuchuja mwanga) zilizoungua: achana nayo. Ikizimika yenyewe, mara nyingi ni kichujio kilichoziba vumbi au feni iliyochoka. Kichujio husafishwa bure.