Umri wa mawe ya barafuni

Kazi yangu ni mawe ya zamani kabisa, na mengi yako kaskazini kwenye baridi. Ya Isua, Greenland, yana miaka zaidi ya bilioni 3.7, ya Acasta, Kanada, yamefika bilioni 4. Msimu wa kuyafikia ni mfupi, theluji ikianguka kazi imekwisha.

Juzi nikiwa likizo Lamu, mzee mmoja barazani Mkunguni akaniuliza: "Mwanangu, jiwe halina cheti cha kuzaliwa, umri wake mwaujuaje?" Swali zuri mno! Nikamweleza kuhusu zirkoni, chembe ndogo ngumu zilizomo ndani ya jiwe. Zikiumbika hunasa urani (uranium), lakini huikataa risasi, yaani metali ya lead, si ile ya bunduki. Kisha urani hugeuka risasi polepole, nusu yake kwa karibu miaka bilioni 4.5. Ukipima kiasi cha kila moja, umri waupata. Hapo ndipo huwa nasisimka, hata baada ya miaka yote hii.

Akapapasa ukuta, chokaa ikamganda vidoleni. "Na haya yetu?" Mawe ya matumbawe ya pwani yetu, mengi ni ya miaka kama 125,000. Akacheka: "Kumbe bado mabichi!"

Wenye watoto wanaopenda sayansi hapa Lamu, niandikieni inbox, nina picha za zirkoni za kuwaonyesha.