Kumfuata fundi wa sarafu ya dola 20

Mjomba wangu alikuwa akichonga mihuri ya mpira kwa wembe, Mwanza, chini ya mwavuli, kabla kompyuta hazijamnyang'anya wateja. Likizo mbili nilikaa naye nikimwokotea vipande. Alinifunza jambo moja: herufi zote huchongwa kinyume, na ukikosea moja umekula hasara. Basi niliposoma habari za James Longacre, mchonga mihuri ya sarafu wa Marekani, yaani vyuma vya kugongea picha kwenye sarafu, nikaona huyu ni mtu wa barazani kwetu. Februari nikaenda kumtafuta.

Nilianzia makaburini, Woodlands, magharibi mwa Philadelphia. Nilipanda tramu isiyo yangu, nikashushwa mbali, nikarudi kwa miguu huku upepo ukinikata masikio. Amelala humo tangu 1869; alifariki siku ya mwaka mpya akiwa bado kazini. Nilizunguka karibu saa nzima nikisoma mawe, mengi yamekwisha kulika na mvua. La kwake sikuliona. Nikasema salamu kwa jumla, nikatoka.

Katikati ya jiji, kwenye kona ya mitaa ya Chestnut na Juniper, palikuwa na kiwanda cha sarafu alichofanyia kazi. Kilibomolewa, sasa pamesimama ghorofa la maofisi. Nilinunua kahawa, nikasimama kando ya barabara kama mtu anayesubiri daladala.

Hapo ndipo alipoonja machungu. Longacre alikuwa bingwa wa kuchonga picha za watu mashuhuri kwenye bamba la shaba, kwa ajili ya vitabu. Mwaka 1844 akapewa cheo cha mchongaji mkuu wa kiwanda, kwa mkono wa mwanasiasa John C. Calhoun, jambo ambalo wenyeji wa kiwanda hawakulisahau. Muhuri wa sarafu si bamba la kitabu. Kinachotokeza kwenye sarafu, kwenye chuma unakichimba kiingie ndani, kinyume, kwa kina ambacho mashine itakimudu. Akajifunza ukubwani, amezungukwa na watu wanaomsubiri ajikwae. Mkuu wa ugongaji wa sarafu, Franklin Peale, alikuwa na shughuli zake binafsi za kutengeneza medali humo humo kiwandani, na mashine ya kunakili sanamu kubwa iwe mchongo mdogo wa sarafu, ambayo Longacre aliihitaji, ilikuwa mikononi mwake. Mkurugenzi, Robert Patterson, alikuwa upande wa Peale.

Kisha California ikafurika dhahabu. Machi 1849 Bunge likaagiza sarafu mbili mpya za dhahabu, ya dola 1 na ya dola 20. Ya dola 10 iliitwa tai, kwa hiyo hii ikaitwa tai wawili. Longacre akaipigania mwaka mzima, afya ikamtetereka. Alipomaliza, Peale akaikataa: michongo mirefu mno, haigongeki. Patterson akataka afukuzwe. Februari 1850 Longacre akaenda mwenyewe Washington kwa Waziri wa Fedha, William Meredith, na huko ndiko alikogundua kwamba waziri alikuwa amelishwa uongo. Akarudi na kazi yake.

Nami nikaelekea huko huko. Treni yangu ilichelewa dakika arobaini, nikala mkate baridi stesheni. Njiani nilikuwa namsubiria mto Susquehanna. Longacre aliposafiri, hapo hapakuwa na daraja la reli. Abiria walivushwa kwa kivuko, kisha wakaendelea na treni ng'ambo ya pili. Siku hiyo maji yalikuwa ya kijivu, barafu imeng'ang'ania kingoni. Daraja tulilimaliza kabla sijafungua kamera. Nilimwaza mzee wa miaka hamsini na mitano, kakunja koti, anajisemesha moyoni maneno atakayomwambia waziri.

Washington, Jumba la Makumbusho la Historia ya Marekani halina kiingilio. Sarafu yenyewe iko chumba cha fedha, nyuma ya kioo. Ni ya majaribio, ya 1849, na inayojulikana kuwapo ni hiyo moja tu. Inasemekana nyingine alipelekewa Meredith, ikapotelea huko. Nilitegemea kitu kikubwa. Kumbe upana wake ni milimita 34, kama kifuniko cha chupa ya soda kilichotanuka kidogo. Kichwa cha mwanamke, taji lililoandikwa LIBERTY, nyota 13 zimemzunguka. Niliinama hadi pumzi yangu ikafanya ukungu kwenye kioo, mlinzi akakohoa. Nywele ndizo zilizonishika: zimesokotwa kisogoni, vishungi viwili vimeachiwa vishuke shingoni, kila uzi umepita mahali pake. Huyu ndiye waliyesema hajui kuchonga.

Nikampigia mjomba picha, nikamtumia. Kule ilikuwa usiku, lakini halali mapema. Ikarudi sauti.

"Mjomba, nimeona. Nywele kachonga, hapo simwezi. Ila herufi hizo kazigonga kwa vyuma vya herufi, moja moja, si za kuchonga. Na hiyo kazi ya mwaka mzima walimlipa shilingi ngapi?"