Saa Nne na Nusu

Septemba 2016 nilirudi Tabora na kompyuta iliyojaa picha za setilaiti. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili: nilinganishe vumbi na moshi unaoonekana kutoka angani na idadi ya watoto walioletwa kliniki wakikohoa. Nilifikia kwa bibi yangu, mtaani Isevya, kwenye barabara ya vumbi.

Usiku wa pili alikohoa mpaka kukakucha. Asubuhi, baada ya shikamoo, nikamwonyesha picha ya siku iliyotangulia. Tabora yote ilikuwa rangi ya hewa safi.

Aliitazama kwa makini. "Hicho chombo hupita saa ngapi?"

Nikamweleza: setilaiti ya Terra, iliyorushwa mwaka 1999, wakati huo ilikuwa ikipita mnamo saa nne na nusu asubuhi, mwenzake Aqua, saa saba na nusu mchana. Vinasoma mwanga wa jua unaorudishwa na chembe zilizo hewani.

"Mimi nafagia alfajiri," akasema. "Malori yanapita jioni. Saa nne hapa pametulia, mjukuu wangu."

Nilikaa kimya. Darasani nilishajifunza kwamba setilaiti hupima hewa yote kwa pamoja, kuanzia ardhini hadi juu kabisa, na kwamba kila mraba wa picha nilizotumia ulikuwa kilomita 10 kwa 10, uwanja wa bibi umechanganywa na mashamba na miombo. Hayo niliyaandika hata kwenye sura ya kwanza. Suala la saa sikuwa nimelipa uzito wowote.

Nilikuwa na kipima vumbi kidogo cha kuazima. Nikakining'iniza kwenye mwembe. Alfajiri iliyofuata ufagio ulipogusa tu ardhi, namba za chembe laini zikapanda, zile za chini ya mikromita 2.5 ambazo pua haizizuii na zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Bibi alikuwa ameinama katikati ya wingu lile, kama alivyoinama kila siku tangu nikiwa mtoto. Kufikia saa nne na nusu namba zilikuwa zimeshuka kabisa.

Nikamwomba awe ananyunyiza maji kabla ya kufagia. Akageuka kutazama ndoo zake mbili.

"Mwezi wa tisa huu? Maji niyamwage chini?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nikachukua daftari la kliniki, nikachora safu mpya pembeni ya majina ya watoto: kikohozi kilianza saa ngapi.