Nimewasikiliza mpaka mwisho

"Mmeimba vizuri leo, mwanangu. Nimewasikiliza mpaka mwisho."

Nikamjibu, "Asante, Mama, Mungu akubariki," naye akashika fimbo yake akaenda. Askofu amekuja na kuondoka, vijana wetu wamepata kipaimara, tumezika upande wa Vurra, na mimi bado nayarudia maneno yale. Mnamfahamu, yule mama wa benchi la dirishani. Nusu ya kwaya yetu imejifunza nyimbo za Kiswahili kwake, wakiwa watoto wa shule ya Jumapili. Tangu lini yeye akakaa kusikiliza? Na hakuwa analalamika. Alinishika mkono, alikuwa anatabasamu. Hapo ndipo panaponiuma.

Sababu naijua. Wimbo tuliouimba siku ile unaanzia do ya chini na kupanda mpaka do ya juu. Miaka yote tumeuimba ki ya D, yaani do yetu ni sauti ya D, na kanisa zima linaufikia. Siku hizi kinanda kinawekwa transposi +3, yaani kinapandisha sauti zote nusu toni tatu, tunaingia F, halafu ubeti wa mwisho unapandishwa nusu toni tena ili watu wachangamke. Mwimbishaji ni kijana, na ana maiki mkononi. Kwake F ya juu ni raha. Lakini sauti ya mwanamke hushuka kadiri anavyozeeka, na wengi wao wakifika D ya juu wameishia hapo. Wakijaribu oktava ya chini, sauti haitoki. Basi wanafunga vitabu vyao na kusikiliza. Kwa mbele huwezi kutambua, maana spika zinajaza jengo lote. Nendeni mkasimame benchi la nyuma, mafundi wazime maiki zote kwenye kiitikio, mtasikia ni nani anayeimba.

"Nimewasikiliza mpaka mwisho." Hata usiku nayasikia.

Alhamisi mazoezini tukazitoa adungu zote tatu, vinubi vyetu vya nyuzi na ngozi: ndogo, ya kati na ile ya besi, na moyo wangu ukatulia. Ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu wa mvua hizi, na ngozi ikilegea sauti hushuka na nyuzi zinavuma ovyo. Tukaziweka juani kwanza, ngozi ikielekea jua, mpaka ukiigonga kwa kidole inalia kavu. Kisha tukaanza kukaza. Chukua D ya kinanda, uifanye do. Tafuta so yake, halafu do ya juu, kisha ujaze zilizobaki katikati. Ukimaliza, usianze kupiga. Nyuzi zote zikishakazwa, shingo hujipinda kidogo, na zile ulizoanza nazo zinakuwa zimeshuka. Rudia duru nzima. Uzi mpya wa kuvulia samaki unanyooka mpaka kesho yake, kwa hiyo uzi wa kubadilisha ubadilishwe Ijumaa, usingoje Jumapili asubuhi. Vigingi vinavyoteleza vipakwe chaki.

Watu wa kabila la Waalur waliotupa chombo hiki wametupa na ulinzi, naomba kwaya mnielewe. Adungu haina kitufe cha transposi. Ikishapangwa D, imepangwa D. Anayetaka F katikati ya ibada itabidi auvute kila uzi toni moja na nusu, na zile nyembamba zitakatika mbele ya watu. Kwa hiyo adungu ikiwa ndani, ki haipandi, na wazee wanaimba. Tumekubaliana hivyo: wimbo wa kwanza na wa ushirika utapigwa na adungu, kinanda kifuate, na sauti ya juu kabisa ya wimbo wa kanisa zima isipite D. Nyimbo za kwaya peke yake, pandeni mtakavyo. Kijana wetu wa kinanda alikubali bila kinyongo, akaja kushika adungu ya besi mwenyewe. Ilinipa furaha kubwa kumwona amepiga magoti, sikio lake karibu na ngozi, akisubiri uzi mnene utulie.

Na huku nyumbani, mama watoto amerudi shambani jioni hii na shina la karanga mkononi. Majani ni ya manjano, yamejikunja, mmea umedumaa chini kama kofia. Ni rozeti, ugonjwa wa karanga unaoenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo, nao wameshasambaa mistari ya juu. Tutang'oa yaliyougua kesho mapema, lakini ada ya muhula ujao ilikuwa inategemea shamba lile, na sijui tutavuna magunia mangapi.