Siku moja maishani mwangu: natunza seva za Johannesburg nikiwa Tabora

Saa 12:15 asubuhi

Kabla ya kusoma ujumbe wa usiku, kabla ya chai, nafungua terminali na kuandika amri hii:

`gcloud compute os-config os-policy-assignments list --location=africa-south1-a`

Naiuliza Google Cloud, huduma ya Google ya kukodisha seva, swali moja: katika zoni hii, yaani sehemu a ya ukanda wa Johannesburg, seva zetu zimewekewa migawo gani ya sera? Mgawo wa sera ni agizo la kudumu. Ndani yake kuna sera zenyewe (programu gani iwepo, faili gani liwe na maandishi gani), kuna seva zinazohusika, ambazo kwa kawaida huchaguliwa kwa lebo, na kuna mwendo wa kusambaza. Ndani ya kila seva yupo wakala, programu ndogo iitwayo `google-osconfig-agent`, anayesoma agizo na kulitekeleza.

Naanzia hapo kila siku kwa sababu seva yenye sera ya ENFORCEMENT, yaani ya kulazimisha, haikubali kuguswa ovyo. Fundi asiyejua ataingia, atahariri faili kwa mkono, ataondoka ameridhika. Baadaye wakala atalirudisha lilivyokuwa. Nimeona watu wakikesha kumtafuta "mdukuzi" anayebadilisha mafaili, kumbe ni sera yao wenyewe inafanya kazi yake. Orodha ingewaambia kwa sekunde chache.

Leo zoni ya a ina migawo minne, yote SUCCEEDED, yaani imeshasambazwa. Nanywa chai.

Saa 1:40

Natoka Isevya kwa bodaboda hadi ofisini. Ofisi ni chumba kimoja mjini, si mbali na stesheni. Treni inayokwenda Kigoma, Mwanza au Mpanda ikiwa inapiga honi, mkutano wa simu unasimama kidogo, na wenzetu wa Dodoma wameshazoea.

Saa 2:10

Kijana tunayemfundisha ameshafika. Nimempa ruhusa ya kuangalia tu, `roles/osconfig.osPolicyAssignmentViewer`. Anaweza kuorodhesha na kusoma kila mgawo, hawezi kuunda wala kufuta. Kwa maoni yangu kila anayeanza kazi hii aanzie hapo, akae miezi akisoma orodha. Ukishazisoma sana unaanza kuiona seva kwa maagizo yake, sio kwa jina lake.

"Dada, hizi saa mbona haziendani na zetu?" ananiuliza. Anaangalia safu ya `revisionCreateTime`, imeandikwa 14:05 na mwisho wake kuna Z. Hiyo Z ni saa ya dunia, UTC. Namwonyesha njia ya mkato inayotufaa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: toa tatu. Saa 14:05 ya Z ni saa 11:05 jioni kwetu. Amefurahi sana, na tangu hapo anasoma tarehe za matoleo bila kikokotoo.

Pia nimempa umbo la orodha ninalolipenda, kwa kuwa maelezo yote kwa pamoja yanachosha macho:

`--format="table(name.basename(), rolloutState, revisionId, revisionCreateTime)"`

Jina, hali ya usambazaji, namba ya toleo, na toleo limezaliwa lini. Seva zikiwa nyingi naongeza `--filter="rolloutState!=SUCCEEDED"` ili nione tu yale ambayo hayajamalizika.

Saa 3:30

Zoni ya b ina mgawo mmoja uliobaki IN_PROGRESS, bado unasambazwa, tangu jana jioni. Kijana anataka tuusitishe. Namwambia tusome kwanza. Tunauita kwa `describe`, amri inayoonyesha mgawo mmoja kwa undani, na jibu liko kwenye sehemu ya `rollout`: bajeti ya usumbufu, yaani seva ngapi ziguswe pamoja, ni seva moja kwa wakati, na `minWaitDuration` ni ndefu. Yaani seva moja ikishabadilishwa, mfumo unaisubiri muda wote huo kabla ya kugusa ya pili. Tuliweka hivyo kwa makusudi, maana seva hizo zinahudumia maduka yanayofunguliwa mapema na hatutaki mbili ziyumbe pamoja. Hakuna kilichokwama. Tunauacha uendelee.

Saa 4:15

"Mwangaluka, mama," namsalimu kwa Kinyamwezi. Mama anayetuletea chai leo ana matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga za kuchemsha. Nakula matobolwa mengi kuliko inavyopasa.

Saa 4:50

Hapa ndipo siku ilipobadilika.

Tuna mteja mpya tuliyekabidhiwa karibuni, kundi la wanunuzi wa asali wa upande wa Sikonge. Kumbukumbu zao zote, nani kaleta ndoo ngapi, kalipwa shilingi ngapi, anadai nini, ziko kwenye seva moja. Fundi aliyewatunza kabla yetu alikwishaandika mgawo mzuri wa kuchukua nakala za hifadhidata kila usiku. Nimeuona asubuhi kwenye zoni ya a, SUCCEEDED, kila kitu kinaonekana salama.

Nikamwambia kijana atoe orodha ya seva zenyewe, `gcloud compute instances list`, tulinganishe. Tofauti ya amri hizi mbili naomba isomwe kwa utulivu. Orodha ya seva inaleta seva za zoni zote kwa mara moja, na safu ya ZONE inaonyesha kila moja ilipo. Orodha ya migawo haifanyi hivyo. Inakutaka utaje zoni, na inakujibu kwa zoni hiyo tu, kwa sababu mgawo wenyewe ni wa zoni: ulioundwa kwenye a hauigusi seva ya c, hata lebo zikifanana herufi kwa herufi.

Seva ya asali ilikuwa africa-south1-c.

Kijana akaandika amri, akaitaja zoni ya c, akanigeuzia skrini:

`Listed 0 items.`

Hakuna kosa lililoandikwa kwa rangi nyekundu, hakuna onyo. Ni hayo maneno tu. Seva ilihamishiwa c zamani kwa kujengwa upya, ikapewa lebo zile zile, agizo likabaki a likiwa halina seva ya kusimamia. Na bado linasema SUCCEEDED, kwa sababu usambazaji ulikamilika kweli siku ulipofanyika.

Niliingia kwenye seva kuhakikisha. `ls /etc/cron.d`, folda ya kazi za ratiba: faili la ratiba ya nakala halipo. Nikatafuta nakala yenyewe, ya karibuni kabisa ilikuwa ya kabla ya kuhamishwa. Moyo ulinienda mbio. Pale kuna malipo ya warina asali wanaoshinda porini siku nyingi ndipo walete ndoo mnadani.

Saa 5:20

Kitu cha kwanza, kabla ya sera yoyote: nakala moja kwa mkono, sasa hivi, na kuihamishia nje ya seva. Nikaifungua mahali pengine nione kama inasomeka. Inasomeka.

Halafu simu kwa mwenyekiti wao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko mjini?"

Nikamweleza. Alikaa kimya kidogo, akauliza swali lililo sahihi kuliko yote: "Daftari letu lipo?"

"Lipo mzee, na nakala yake ninayo tangu dakika hii. Ila kwa muda mrefu halikuwa na nakala. Leo tunaliwekea utaratibu wake."

"Basi fanya. Jioni uniambie."

Saa 6:30 mchana

Faili la mgawo, lililoandikwa kwa mtindo wa YAML, tunalo kwenye Git, tunakohifadhi matoleo ya mafaili, hivyo hatukuandika upya. Tulibadilisha vitu viwili. Kwanza jina. Pili, `mode` tuliiweka VALIDATION. Kwa hali hiyo wakala anakagua na kutoa taarifa tu, hagusi kitu. Kwenye seva ambayo hatujaijua vizuri, hatua hii siiruki.

Ndani ya sera kuna rasilimali mbili: programu ya kuunganishia hifadhidata ya PostgreSQL (client), `desiredState: INSTALLED`, na faili la ratiba, `state: CONTENTS_MATCH`, maana yake liwepo na maandishi yake yawe haya haya. Tukaunda:

`gcloud compute os-config os-policy-assignments create nakala-asali-c --location=africa-south1-c --file=nakala.yaml`

Kisha kusubiri. Tukala wali maharage.

Saa 8:45

Orodha ya zoni ya c sasa ina mstari mmoja, SUCCEEDED. Kijana alitaka tushangilie. Nikamwomba avute kwanza ripoti, ambayo ni amri nyingine:

`gcloud compute os-config os-policy-assignment-reports list --location=africa-south1-c`

Ripoti inasema NON_COMPLIANT. Na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa tuliagiza kukagua bila kutengeneza. Nilitaka aone majibu haya mawili yakiwa kando kwa kando: agizo limefika, SUCCEEDED; seva haijafanana na agizo, NON_COMPLIANT. Anayesoma orodha ya migawo peke yake atalala usingizi akidhani nyumba imefungwa.

Tukabadilisha `mode` kuwa ENFORCEMENT, tukatuma `update`.

Saa 10:20 jioni

COMPLIANT. Faili lipo `/etc/cron.d`, programu imewekwa. Tukaendesha ratiba mara moja kwa makusudi, nakala ikatoka, ikapelekwa nje, tukaijaribu kuifungua. Ndipo nikampigia mzee. Alinishukuru, akasema msimu wa asali ukifika nisinunue dukani.

Saa 10:50

Kilichobaki ni kuhakikisha hakuna seva nyingine iliyoachwa hivyo. Kijana ameandika hati fupi ya amri (script): inachukua zoni zote zenye seva kutoka `instances list`, inaondoa zinazojirudia, na kwa kila zoni inaita orodha ya migawo. Toleo lake la kwanza lilikuwa linaunganisha jina la ukanda, mfano africa-south1, na a, b, c. Kwa Johannesburg inakwenda, lakini tuna mteja mwenye seva Ubelgiji, europe-west1, na ukanda ule una zoni b, c na d. Hauna a. Ndiyo sababu nimesisitiza zoni zitoke kwenye seva zenyewe. Amerekebisha haraka, na hati ni safi.

Saa 12:30 jioni

Namwandikia kaka wa zamu ya usiku: zoni ya b ule mgawo bado IN_PROGRESS, usiusitishe, umebakiza seva moja. Zoni ya c ina mgawo mpya. Baada ya ratiba ya usiku kupita, angalia kama nakala imefika, usiridhike na ripoti. Ubelgiji, zoni ya d, hati imerudisha sifuri na kule kuna seva mbili. Naanza na hizo kesho saa 12.